Keki za ghorofa zilizopinda: ndani hakuna kilichopinda. Njooni tuelekezane

MkateNaKeki (mwanzisha uzi)

Wakuu, dada zangu na kaka zangu wa jikoni, habari za muda huu.

Msimu wa sherehe ukianza tu, picha za zile keki zilizoinama zinarudi kwenye simu zetu. Ghorofa ya chini imelalia kulia, ya kati imelalia kushoto, ya juu imekaa upande kama kofia ya mlevi, na keki nzima imesimama imara mezani. Maswali yanayofuata huwa ni yale yale: inasimamaje? Ndani kuna nini? Mtu wa kuokea nyumbani anaiweza? Anaiweza kabisa. Nimeona nieleze kwa kirefu kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka yanaruka sehemu muhimu kuliko zote.

Shikeni hili kwanza: keki ile haijainama. Kinachoteremka ni uso wa juu wa kila ghorofa, na mbavu zinapanuka kuelekea juu. Kitako cha kila ghorofa kimelala sawasawa na meza. Ghorofa ya pili haikukalia mteremko wa ya kwanza, imekaa ndani ya shimo lililochongwa kwenye mteremko huo, na sakafu ya shimo hilo iko bapa. Macho yanaona mteremko, uzito wote unashuka wima kama keki ya kawaida. Ukilielewa hili, hofu inabaki nusu.

Vipimo ninavyopenda kwa ghorofa tatu ni hivi. Ya chini uso wa juu inchi 10, kitako inchi 8. Ya kati juu 8, kitako 6. Ya mwisho juu 6, kitako 4. Angalieni kwamba kitako cha ghorofa ya juu ni kidogo sana kuliko uso wa ile inayoibeba. Nafasi hiyo inayobaki pembeni ndiyo inayoonyesha mteremko. Ukiibana, kazi yote ya kuchonga inafichwa na haionekani.

Keki yenyewe iwe nzito. Keki laini ya mayai yaliyopigwa hadi ikawa kama sponji haifai hapa, utaichonga na itamomonyoka mkononi. Mimi natumia hii kwa sufuria ya inchi 8: siagi gramu 350, sukari gramu 350, mayai 6, unga wa ngano gramu 525, bekingi pauda vijiko 3 vya chai, maziwa kidogo ya kulainisha, ladha upendayo. Moto wa nyuzi 160, saa moja na robo hadi saa moja na nusu, huku ukichoma kijiti katikati kuangalia. Kwa inchi 10 zidisha mara moja na nusu, kwa inchi 6 chukua nusu na kidogo. Keki ya chokoleti nzito nayo inakubali. Oka mbili kwa kila ghorofa, zibandike kwa kijazo chembamba ili zisiteleze.

Usichonge keki ya moto wala ya vuguvugu. Ifunge vizuri, ilale kwenye friji usiku kucha. Kama friji hakuna, ilale kwenye ndoo au chombo chenye mfuniko. Kesho yake itakuwa imekaza na kisu kitapita bila kuacha makombo mengi.

Sasa kuchonga. Tuchukue ile ya inchi 10 yenye kimo cha inchi 5. Igeuze juu chini. Weka katikati duara la kadibodi la inchi 8, kisha shusha kisu chenye meno kutoka ukingo wa kadibodi hadi ukingo wa nje kule chini mezani. Zungusha taratibu ukiondoa vipande vidogo vidogo. Ukiigeuza tena, inakaa juu ya kitako chake cha inchi 8 na kifua kimepanuka.

Baada ya hapo ndipo unakata mteremko. Chomeka vijiti vya meno upande mmoja kwenye ukingo wa juu kabisa, upande wa pili inchi 1 chini ya ukingo, na pembeni katikati ya hapo. Pitisha kisu kufuata vijiti. Utapata kabari, upande mmoja nyembamba kama karatasi na mwingine ina unene wa inchi 1. Usiitupe! Paka krimu, igeuze ile sehemu nene ikae upande mrefu wa keki. Upande mrefu sasa una inchi 6, upande mfupi inchi 4. Kwa mkato wa inchi moja umepata mteremko wa inchi mbili. Kingo zisipolingana zinyoe.

Shimo linafuata, nitalieleza nikijibu maswali maana hapo ndipo wengi hukwama. Karibuni.

Bint_Pangani

Dada asante sana kwa darasa. Naomba hapo hapo kwenye shimo, maana mimi nimekwama huko huko. Kina chake najuaje? Na nikichimba si keki ya chini itakosa nguvu?

MkateNaKeki

Bint_Pangani mdogo wangu, hesabu yake ni nyepesi. Keki yetu inateremka inchi 2 katika upana wa inchi 10, yaani kila inchi moja inashuka sehemu mbili za kumi. Shimo lina upana wa inchi 6 kwa sababu ndicho kitako cha ghorofa ya kati. Kwa hiyo kati ya ukingo wa juu wa shimo na ukingo wa chini kuna tofauti ya inchi 1 na robo hivi. Ongeza robo inchi kote ili hata upande wa chini kuwe na kidimbwi kidogo cha kuishika keki isisogee. Upande wa juu utachimba inchi 1 na nusu, upande wa chini robo tu. Kwa ghorofa ya kati, ambayo mimi huipa upande mrefu inchi 5 na nusu na mfupi 4, shimo la inchi 4 linahitaji robo tatu ya inchi pamoja na ile robo ya nyongeza.

Chora duara kwa ncha ya kisu ukitumia kibao chenyewe kitakachokaa chini ya ghorofa inayofuata, ukiongeza kidogo pembeni kwa ajili ya unene wa aisingi. Chimba kwa kijiko kuanzia upande wa juu. Sakafu ikikaribia kuwa bapa, weka kibao ndani na juu yake weka pima maji. Ndiyo, pima maji ile ile ya mafundi, ndogo zinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kiputo kikikaa katikati ukiielekeza kaskazini na kusini, kisha mashariki na magharibi, umemaliza. Jicho halitoshi hapa kwa sababu uso wa keki unaoteremka unalidanganya.

Kuhusu nguvu, keki haibebi kitu. Zinazobeba ni nguzo, yaani vijiti vinavyosimamishwa wima ndani ya keki. Chini ya sakafu ya shimo bado una zaidi ya inchi 4 za keki, na humo unasimamisha nguzo tano kuzunguka, zote urefu mmoja, vichwa vyake vikiwa sawa kabisa na sakafu. Kibao cha ghorofa ya kati kinakaa juu ya nguzo hizo. Kwa ghorofa ya kati inayobeba ya juu, nguzo nne zinatosha.

SeremalaMstaafu

Mama, mimi si mpishi, mke wangu ndiye anayeoka na mimi hunituma kumkatia vibao. Nimefurahi kuona pima maji imetajwa. Niongeze ya kwangu ya useremala.

Nguzo usizipime moja moja ndani ya keki. Chomeka moja, weka alama, itoe, ikate vizuri, kisha zingine zote zikate kwa kuzilinganisha na hiyo. Ukipima kila moja peke yake, tofauti ya milimita mbili inatosha kuinamisha kibao. Na kichwa cha nguzo kikatwe bapa, kisiwe na ncha.

Kibao cha chini kabisa kisiwe kadibodi. Plaiwudi ya milimita 12 inafaa, ifunikwe kwa karatasi ya foili safi au karatasi ya mapambo kisha foili ili keki isigusane na mbao. Kadibodi ikibebwa na watu wawili inapinda katikati, na ikipinda tu nyufa zinaanza kwenye aisingi. Weka na vimiguu chini yake ili vidole vipate pa kuingia wakati wa kunyanyua.

MkateNaKeki

Mzee wangu shikamoo, na ubarikiwe. Hili la kukata kwa kulinganisha ni la dhahabu.

KekiZaMtwapa

Dada nakusalimu kutoka Mombasa. Mimi hufanya kwa njia nyingine. Sichimbi shimo. Nakata nguzo kwa urefu tofauti, upande mmoja ndefu na mwingine fupi, kibao kinakaa kwa mteremko, kisha natia mlingoti mmoja kutoka juu hadi chini. Kazi inakwenda haraka na keki haipotei. Kwa nini usiwaeleze watu njia hii?

MkateNaKeki

Ndugu yangu wa Mtwapa, njia hiyo ipo na kuna watu mahodari wanaitumia. Sababu ya kutoiweka mbele ni hii. Kibao kikiwa kwenye mteremko, uzito wa ghorofa haushuki wima peke yake, sehemu yake inasukuma kwenda upande wa chini. Nguzo fupi na ndefu hazina cha kuzuia msukumo huo isipokuwa keki inayozizunguka, na keki ni laini. Kazi yote inabaki kwa mlingoti. Mlingoti wenyewe ukiwa kijiti kilichochomekwa tu, mtikisiko wa barabarani unautanua ule mwanya wake kidogo kidogo.

Anayetaka njia yako naomba afanye hivi: mlingoti uwe mnene, ukazwe kwenye plaiwudi ya chini kwa skrubu kabla hata ya kuweka keki, na kila kibao kiwe na tundu linalopita humo bila kucheza. Tena keki ziwe ndogo na nyepesi. Kwa anayeanza, na hasa anayepeleka keki kwa gari, mimi nasimama na shimo.

Hata kwa njia ya shimo natia mlingoti. Kijiti kirefu kilichochongwa ncha, kinagongwa taratibu kwa nyundo ndogo kupitia matundu ya vibao hadi kishike mbao ya chini. Hapo hata dereva akifunga breki ghafla, ghorofa haitelezi.

KekiZaMtwapa

Nimekuelewa, na hilo la skrubu nalichukua. Sasa nisaidie jambo la joto. Huku kwetu unyevu ni mwingi, fondanti (ile sukari iliyokandwa kama donge na kusukumwa ili kufunika keki) ikitoka kwenye friji inatoa jasho mpaka rangi inachuruzika.

MkateNaKeki

Hilo ni letu sote wa pwani, Dar mwezi wa kwanza na wa pili ni hivyo hivyo. Jasho hilo ni unyevu wa hewa unaogeuka matone juu ya kitu cha baridi. Keki itoke kwenye friji ikiwa ndani ya boksi la kadibodi lililofungwa, na iachwe humo humo mpaka ipate joto la chumba. Matone yatatua kwenye boksi badala ya keki. Ukikuta imeshatoa jasho usiiguse wala kuipangusa, elekeza feni upande huo na uvumilie, itakauka yenyewe. Ukiigusa alama ya kidole inabaki.

Chini ya fondanti epukeni krimu ya siagi tupu. Siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa pwani unafika huko. Mbavu za keki hizi zimeegemea nje, krimu ikilainika fondanti inateleza kwenda chini na kufanya tumbo. Mimi natumia ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu. Kwa chokoleti nyeusi, watu wa nchi za baridi huchanganya sehemu 2 za chokoleti kwa sehemu 1 ya krimu nzito, kwa uzito. Kwetu nenda sehemu 3 kwa 1. Chokoleti nyeupe ni laini zaidi, kwa hiyo 4 kwa 1. Ilale usiku, kesho itapakika kama siagi ya karanga na ikikaza inakuwa ukuta wa kuegemeza fondanti.

Na kuifunika keki hii: usijaribu kuifunika kwa shuka moja kama keki ya kawaida. Kwa kuwa chini ni pembamba, fondanti inayoning'inia inakunjamana kitakoni. Kata duara la juu peke yake, lifuate umbo la mteremko, libandike. Kisha pima mzunguko wa mbavu kwa karatasi, kata fondanti kwa kufuata karatasi hiyo, izungushie na kiungo kikae nyuma. Unene wa milimita 4 hadi 5. Karatasi hiyo ukiilaza mezani utaona imejikunja kama upinde, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Mshono wa juu unafichwa kwa shanga za fondanti au kamba iliyosokotwa.

Mama_wa_Mbagala

Wapendwa, mimi fondanti ya dukani siimudu kila mara. Na oveni sina, naoka kwa mkaa, sufuria kubwa na mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko. Je, nijitoe kwenye uzi huu?

MkateNaKeki

Usijitoe mama, keki hii inakufaa wewe kuliko hata zile za kawaida. Keki ya mkaa mara nyingi inatoa nundu katikati au inapanda upande mmoja zaidi. Katika keki ya kawaida hilo linakuudhi. Hapa juu panakatwa kwa mteremko kwa vyovyote vile, ukitazama upande uliopanda zaidi ukaufanya ndio upande mrefu, umejipunguzia kazi. Angalizo langu kwako ni moto wa juu. Keki nzito inaiva taratibu, mkaa wa juu ukiwa mwingi itaungua ngozi ndani ikiwa mbichi, na mbichi haichongeki. Mkaa wa juu uwe mchache na uongeze kadiri unavyokwenda.

Fondanti jifanyie nyumbani kwa mashimelo, zile peremende laini kama sponji. Gramu 450 za mashimelo meupe, vijiko viwili au vitatu vya maji, viyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Changanya sukari ya unga kidogo kidogo, jumla ni kama gramu 900, ila usiimwage yote, sikiliza mkono wako. Paka mikono mafuta magumu ya kupikia, kanda mpaka iwe laini na isinate. Funga kwenye nailoni, ilale usiku. Kukiwa na unyevu mwingi ongeza kijiko kidogo cha CMC, ule unga wa kukazia fondanti, inaifanya ikaze. Wanaouza vifaa vya keki Kariakoo wanayo. Unapoisukuma mezani nyunyiza konfloa.

Mama_wa_Mbagala

Mungu akuzidishie. Nimeandika kwenye daftari.

Chuma_Ulete

Naomba kuuliza upande wa biashara. Mteja akitaka keki hii nimtoze sawa na ya ghorofa tatu ya kawaida? Wateja wangu wanasema ukubwa ni ule ule.

MkateNaKeki

Ukubwa wanaouona ni mdogo kuliko uliouoka, na hapo ndipo watu wanafanya kazi bure. Hebu tupige hesabu. Ghorofa yenye juu inchi 10 na kitako inchi 8, ukilinganisha na keki iliyonyooka ya inchi 10, umechonga na kuondoa karibu sehemu moja ya tano. Ile ya 8 kwa 6 umeondoa karibu robo. Ile ndogo ya 6 kwa 4 inapoteza asilimia 30. Bado mashimo. Unga, mayai na siagi vya sehemu hiyo umevilipia wewe. Kisha kuna ganashi badala ya krimu, vibao, nguzo, na muda, maana kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Siku ya kwanza kuoka, ya pili kuchonga na kupaka ganashi, ya tatu kufunika na kupamba.

Toza kwa keki uliyooka, halafu ongeza ufundi. Mweleze mteja kwa upole kabla hajalipa kianzio, na umwambie itatosha watu wachache kuliko keki iliyonyooka ya vipimo hivyo. Kama wageni ni wengi, mwokee keki ya sinia ya kukatia jikoni, ile iliyopinda ibaki ya kupendeza na ya kukatwa na maharusi. Mabaki ya kuchonga yana soko lake pia. Yavuruge na ganashi kidogo, viringa mipira, chovya kwenye chokoleti. Watoto wanayapenda mno.

BodaMstaarabu

Kuna siku nilimbeba dada mmoja na keki ya ghorofa kwenye pikipiki, nilisali njia nzima. Hizi zilizopinda zinabebwaje?

MkateNaKeki

Kaka, kwa heshima yote, isibebwe na pikipiki. Hata bajaji sishauri kwa ghorofa tatu. Peleka kila ghorofa kwenye boksi lake na uunganishe ukumbini. Njia ya shimo inaruhusu hivyo kwa urahisi, mashimo na nguzo unaziandaa nyumbani, kule unashusha tu ghorofa mahali pake, unagonga mlingoti, unamalizia shanga za kuficha mwanya.

Kwenye gari maboksi yakae kwenye buti au sakafuni, kamwe yasikae kwenye kiti. Kiti chenyewe kimeinama kuelekea nyuma. Chini tandika mpira ule wa kuzuia mazulia yasiteleze. Anayevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni awahi mapema, kwenye foleni ya jua kali washa kiyoyozi, na kwenye matuta mwombe dereva apite kama amebeba mgonjwa. Beba kopo la ganashi, kisu bapa, fondanti ya akiba na pima maji. Meza za kumbi nyingi hazijakaa sawa, ipime kwanza na kuweka kadibodi chini ya mguu mfupi kabla hujashusha keki.

Bint_Pangani

Dada, swali la mwisho. Sherehe ya binamu yangu ni mwisho wa wiki ijayo, nataka nijaribu ghorofa mbili tu, sufuria nilizonazo ni za inchi 8 na 6. Nianze vipi, na siku ya kukata nani ashughulikie vijiti?

MkateNaKeki

Mbili ni mwanzo mzuri sana. Ya chini juu 8, kitako 6, kimo cha inchi 4 na robo tatu, mkato wa mteremko robo tatu ya inchi. Ukigeuza kabari unapata 5 na nusu kwa 4. Shimo la upana wa inchi 4, kina inchi 1 upande wa juu na robo upande wa chini, nguzo nne. Ya juu ichonge 6 kwa 4, iteremkie upande ulio kinyume na ya chini, shimo haihitaji. Mlingoti mmoja. Oka Jumatano jioni, chonga na kupaka ganashi Alhamisi, funika Ijumaa.

Vijiti andika kwenye karatasi idadi yake, nguzo nne na mlingoti mmoja, umkabidhi mtu mmoja mzima atakayekata jikoni. Maharusi wakate kipande ghorofa ya juu kwa ajili ya picha. Baadaye yule mtu avute mlingoti kwanza kwenda juu, anyanyue ghorofa ya juu na kibao chake, atoe nguzo zote nne azihesabu, ndipo aanze kukata vipande vya wageni. Hasa kukiwa na watoto, kipande kisitoke jikoni kabla vijiti havijatimia vitano mezani.

Ukikwama Alhamisi kwenye kuchonga piga picha weka hapa, nitakuwepo jioni.